Kikombe Chenye Rangi ya Machinjioni

Tegueni hiki: hakina miguu lakini kinapanda kooni, hakina mikono lakini kinakugeuza shingo. Mkishindwa msinipe mji, nawapa jibu bure. Ni kinyaa.

Mimi kinyaa nakijua kwa jina lake na la baba yake. Nimeosha utumbo wa ng'ombe machinjioni tangu ningali msichana mpaka magoti yaliponigomea. Utumbo wa moto, umetoka tumboni sasa hivi. Unaupasua, unakung'uta yaliyomo, unaugeuza nje ndani, unasugua, unasuuza, unanusa, unasuuza tena. Nikitoka kazini watu walikuwa wananipisha njiani bila kuombwa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Mke wangu hahitaji honi." Tukacheka, tukala, tukalala. Basi mtu akiniambia kitu fulani kinanuka, kwanza namwuliza: kinanuka kuliko nini?

Nasema haya ili mjue kwamba kilichonitia kinyaa mwaka ule hakikuwa ugonjwa wa mkwe wangu.

Mkwe wangu ni mshonaji. Anashona sare za shule, na ukimwekea mezani kitambaa chenye mkunjo anakutazama kama umemkanyagia mtoto. Ameolewa na mwanangu wa pili, yule tuliyemwita Kwato tangu yumo tumboni, kwa mateke aliyokuwa akinipiga. Kwato naye alinifuata machinjioni, ila hakutaka utumbo. Alikuwa mchunaji, na siku hizi ananunua ng'ombe wake mwenyewe, anachinja, anauza nyama. Watoto wao wameshaoa na kuolewa, wako mbali. Nyumbani tulikuwa wao wawili, na mimi na magoti yangu.

Mkwe alikuwa ameshaagana na mambo ya kila mwezi zamani. Nikamtania, nikamwambia karibu kwenye chama cha wazee, kiti chako kile pale. Kisha damu ikarudi. Mwanzo doa, halafu si doa tena. Akaificha. Mshonaji ana vitambaa vingi, hashindwi kuficha. Mimi nilijua kwa pua, maana pua ndiyo shule niliyosoma nikamaliza. Nikamwita chumbani.

"Mwanangu, hiyo si damu ya kurudi ujana. Vaa twende hospitali."

"Mama, nimeona haya."

"Haya weka mfukoni. Vaa."

Hospitali walitoa kinyama kidogo kwenye mji wa mimba, wakakipima, wakatuita. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi mwekundu. Hakuzunguka. Alisema ni saratani ya mji wa mimba, na tiba yake ya kwanza ni upasuaji, mji wote utoke. Lakini kabla ya kukata alitaka damu.

"Damu tena?" aliuliza Kwato, maana siku hiyo alikuja. "Si imeshamwagika ya kutosha?"

"Baba, uvimbe huu huwa unaachia vitu vyake kwenye damu," daktari akasema. "Tukivipima tunapata kukisia mwenendo wake. Umetulia pale pale, au umeshaanza kutembea? Vikiwa juu, huenda umetoka nje ya mji wa mimba, na tunajua tujiandae na kazi ngumu zaidi."

Nesi akavuta damu, akajaza vichupa vyenye vifuniko vya rangi rangi. Kwato akageuka kutazama ukuta. Mtu anayezama kwenye damu mpaka viwiko kila asubuhi, leo anatazama ukuta kwa vichupa vya ukubwa wa kidole! Nikaona, nikameza.

Majibu yaliporudi, yalikuwa juu.

Daktari alituketisha, akasema taratibu ili hata mimi nisiyemaliza shule nishike. "Namba hii haisemi kwamba mgonjwa atakufa. Inaniambia mimi nisikate mji peke yake. Nitazitafuta tezi za pembeni, nizitoe, zikapasuliwe maabara tuone ugonjwa umefika wapi. Kitanda ninacho Jumatatu. Akikikosa atapewa mwingine, na huu si ugonjwa wa kusubiri foleni."

"Lakini viko juu," akasema Kwato.

"Viko juu."

"Juu sana?"

"Juu sana. Ndiyo maana sitaki tuchelewe."

Kwato akamtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akapanda tena hadi kichwani. Namna ile naijua. Ndivyo anavyomtazama ng'ombe akigundua ameuziwa mgonjwa.

Toka siku hiyo hakulala tena chumbani. Alianza kwa kulala sebuleni, eti joto. Mezani alisogeza kiti chake mpaka mwisho, akawa anakula kama mtu aliyeko safarini. Mkewe akipita, anashika pumzi. Nilikuwa namwona mashavu yanavyojaa. Harufu ilikuwepo, sitadanganya. Ule uchafu uliokuwa unamtoka mkwe ulikuwa na harufu ya nyama iliyosahauliwa. Lakini alikuwa anaoga mpaka ngozi inachubuka, maskini, na huyu aliyeshika pumzi ana kinyesi cha ng'ombe chini ya kucha.

Binti yangu mkubwa naye akaja kumjulia hali wifi yake. Alisimama mlangoni, mtandio puani.

"Mama, nyumba hii imebadilika harufu."

"Imebadilika tangu ulipoingia," nikamwambia. "Mafuta gani hayo umejipaka?"

Hakucheka. Akainama sikioni kwangu, lakini binti huyu hajawahi kunong'ona maishani, sauti yake ni ya kuuzia samaki. "Kaka anasema damu imeshamkataa. Sasa mtu ambaye damu imeshamkataa, kumchana ni kumtesa tu. Si bora mmuache apumzike?"

Cherehani chumba cha pili ikanyamaza. Kisha ikaendelea.

"Toka," nikamwambia binti yangu. "Nenda ukapumzike wewe."

Sasa niwaambie jambo la machinjioni ili mnielewe. Nyama ikikutwa na ugonjwa, mkaguzi huikataa, na ikishakataliwa humwagiwa rangi ya buluu. Humwagiwa ili asitokee mjanja akaiokota na kuiuza uchochoroni. Rangi ile haitoki kwa sabuni, haitoki kwa majivu, haitoki kwa machozi. Ukiiona kwenye nyama, hata mbwa wako unamfunga kamba.

Ijumaa asubuhi niliingia jikoni kuchemsha chai. Kikombe cha mkwe, kile cheupe cha bati, kilikuwa na mstari wa buluu ukingoni. Sahani yake nayo. Nikaenda bafuni: ndoo yake imepakwa mpini, na kata imepakwa. Tena aliyepaka hakumwaga ovyo. Alipaka kwa brashi, kwa uangalifu, kama mtu anayepaka mlango wa nyumba mpya.

Mimi, niliyekula mkate nimekaa juu ya ndoo ya matumbo, nilishika ukuta wa bafuni nikatapika maji matupu.

Kwato nilimkuta uani anafunga mabuti yake ya mpira.

"Hii nini?" Nikamwinulia kikombe.

"Mama, ni tahadhari tu. Ili tusichanganye."

"Kuchanganya nini na nini?"

"Si ulisikia mwenyewe? Ugonjwa umo kwenye damu. Leo kidole, kesho mdomo."

"Daktari alisema hauambukizi. Umelala naye miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana nahamia kule machinjioni, kwenye chumba cha wachunaji." Akasimama, akaweka visu vyake kwenye mfuko. "Mama, mimi nyama naijua. Kitu kikishakataliwa kimekataliwa. Huko Jumatatu mnakwenda kumpasua bure."

Akaondoka. Na nilipogeuka, mkwe alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Alininyang'anya kikombe taratibu, akakijaza chai iliyopoa, akanywa palepale penye buluu. Akakisuuza, akakirudisha peke yake kwenye kona ya rafu, mbali na vyetu.

"Mama," akasema, "Jumatatu siendi."

"Unasemaje?"

"Siendi. Nimeshapakwa rangi. Wewe uliyefanya kazi kule, nyama ya buluu umewahi kuiona inarudi buchani?"

Nikasema hiki, nikasema kile. Alikuwa ananiitikia "ndiyo, mama" huku anakunja vitambaa. Alinionyesha vifungo vyeupe viko kopo gani na vyeusi kopo gani. Alinionyesha sare za nani zimebaki mikono. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayelia unaweza kumbembeleza. Anayekuonyesha makopo ya vifungo ameshafunga safari.

Jumamosi kulipokucha nikachukua fimbo yangu nikaenda machinjioni. Nilitaka kumshika Kwato sikio nimrudishe nyumbani akafute rangi yake kwa ulimi. Ndivyo nilivyopanga.

Machinjio hayajabadilika. Sakafu ya saruji inateleza, mpira wa maji unazomea, mizoga inaning'inia kwenye ndoano na mvuke unatoka. Akina mama wa utumbo wakanipigia vigelegele, "Bibi umerudi kazini!" Nikawaambia nimekuja kukagua wanavyoharibu. Ndipo nikamwona mwanangu.

Kwato alikuwa amepiga magoti. Kwenye ile sakafu, kwenye ile damu, magoti yote mawili, mikono kaifumbata mbele ya mkaguzi wa nyama. Fahali wake alikuwa ameshachunwa, kichwa kimewekwa mezani. Mkaguzi alikuwa amepasua tezi ya taya, na ndani yake mlikuwa na usaha mkavu kama chokaa.

"Mkuu, nakuomba," Kwato alikuwa anasema. "Ni kitezi kimoja. Pasua na vingine uone. Usimtupe mnyama mzima kwa kitezi kimoja, mkuu, kweli jamani?"

"Nani kasema namtupa?" mkaguzi akamjibu, kisu mkononi. "Nimeona alama, natafuta imefika wapi. Ondoka miguuni pangu nifanye kazi."

Akapasua. Tezi za mapafu, ini, tezi za ndani kabisa ya tumbo, moja baada ya moja, anafungua anatazama, anafungua anatazama. Kwato alikuwa anafuata kile kisu kwa macho, midomo inamchezacheza kama mtu anayesali. Kila tezi ikifunguka safi anasema, "Eeh. Eeh, mkuu." Mwishoni mkaguzi akasema kichwa na ulimi vinatupwa, kilichobaki kinapita. Kichwa kikamwagiwa buluu. Fahali akapigwa muhuri mapajani. Kwato akainuka, anafuta machozi kwa mkono wenye damu.

Nikapita katikati ya mizoga mpaka mbele yake.

"Shikamoo, mama! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuangalia unavyoomba," nikasema. "Kumbe unaweza."

"Mama..."

"Ng'ombe uliyemnunua juzi umempigia magoti. Ugonjwa umeonekana kwa macho, usaha umekaa pale mezani, na bado unasema pasua na vingine. Mke wako damu imesema huenda. Huenda, Kwato! Daktari anataka kupasua aone umefika wapi, kama huyu mkaguzi wako, vilevile kabisa. Wewe ukachovya brashi."

Mchunaji mmoja nyuma akasema, "Leo bibi anachuna mwenyewe," na hakuna aliyecheka.

"Mama, si mbele za watu."

"Rangi uliitoa wapi, chini ya mto wako? Uliitoa hapa. Nami nimeirudisha hapa."

Akanisogelea, akashusha sauti. "Mama, mimi siwezi. Ile harufu. Nikimkaribia nataka kutapika."

"Tapika," nikamwambia. "Tapika, unawe uso, urudi umshike mkono. Wewe uliniharishia mapajani kwenye harusi ya dada yangu, nimevaa nguo ya kuazima. Nilikutupa?"

Nilingoja. Nilingoja kwa moyo wote, kama alivyomngoja mkaguzi. Akachukua kisu chake na kinoo, akaanza kunoa. Shii, shii, shii. Kisu kilikuwa kikali tayari.

Nikatema mate kwenye mfereji, nikaondoka. Sijawahi kutema mate machinjioni maisha yangu yote.

Nyumbani nilimkuta mkwe anashona kola. Nilikwenda kwenye kona ya rafu, nikachukua kile kikombe chake, nikakijaza chai ya moto inayofuka, nikakaa mbele yake nikanywa. Ile rangi haishiki bati kama inavyoshika nyama, na kwa joto la chai ikalegea. Nilihisi inanata mdomoni, chungu kama nyongo. Nikaendelea tu.

"Mama, acha! Mama, hicho changu!"

"Sasa chetu."

Akainuka kuninyang'anya, akanitazama usoni, akasimama. Akaziba mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

"Mama," akasema, "nenda kajitazame."

Nilijitazama kwenye kioo cha kujaribishia nguo. Midomo buluu, meno buluu, ulimi buluu kama mtoto aliyekunywa wino. Mkwe alicheka mpaka akashika tumbo lake linalomuuma, akawa anasema "aa, usinichekeshe, naumia," na anacheka tena. Alipotulia nikamsimulia yote. Fahali, magoti, tezi.

"Akapasua mpaka zile za ndani?" akauliza.

"Mpaka za ndani kabisa."

"Na akampitisha."

"Kichwa na ulimi vikatupwa. Kilichobaki kikapita."

Alifikiri, anazungusha uzi kidoleni. "Basi mimi itupwe nyumba ya watoto, kichwa nibakishiwe. Ile nyumba imeshamaliza kazi, na wapangaji wake hata simu hawapigi." Kisha sauti ikashuka. "Na wakipasua wakakuta umetembea, mama?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Bibi anajua maneno matamu mengi. "Wakikuta umetembea, tutajua umefika wapi, tuufuate huko huko. Sikuahidi kupona, mwanangu. Nakuahidi hukupakwa rangi na daktari. Umepakwa na mtu asiyejua anachokitazama."

Akakiosha kile kikombe, akakifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa hospitali. "Nitanywea hiki hiki wodini," akasema. "Waulize wenyewe."

Jumatatu tulifika mapema. Daktari alipoinua macho yake kwetu alimpita mkwe akaja kwangu mbio. "Bibi! Midomo imekuwaje? Unapumua vizuri?" Kabla sijajibu nesi ameshanikalisha, kidole changu kimebanwa na kile kidude cha kupimia pumzi, mwingine ananivua kiatu. Mkwe, aliyekuja kupasuliwa, ndiye aliyekuwa anaegemea ukuta kwa kicheko. "Mwacheni," akasema, "huyo ni nyama iliyokataliwa." Tukawaeleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, na uso wake ukakunjamana kama aliyekanyaga kitu kibichi gizani.

"Nimeona mengi," akasema. "Hili bado."

Walimpasua. Majibu ya tezi yalipotoka, nyingi zilikuwa safi, na moja ilikuwa na mbegu ndogo ya ule ugonjwa. Damu haikuwa imesema uongo: ugonjwa ulikuwa umeanza kutembea, lakini hatua za mtoto. Ikabidi apigwe mionzi, akachoka, akakonda, akalala sana mchana. Damu bado wanaivuta kila tukienda kliniki. Vile vitu vimeshuka, na daktari ametuambia vikianza kupanda tutatafuta mapema. Kabla ya kila majibu mkwe hali wala hasemi. Namtegea vitendawili njia nzima, ananijibu "nimeshindwa" bila kusikiliza swali.

Kwato alikuja siku moja jioni, mionzi ilipokwisha. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kutokea, na mkononi ana ini kwenye karatasi. Akaliweka mezani, akalifunua ili tulione. Ini zuri, la mnyama mchanga, halina doa.

"Nimesikia namba zimeshuka," akasema. "Mama watoto, hongera."

Hakuuliza kidonda. Hakuuliza alilalaje. Aliuliza habari za namba, kisha akavuta kiti, kile cha karibu, akakaa kama mtu aliyerudi safari. Kile kinyaa kikarudi. Huyu nimemzaa mimi. Utumbo wote nilioosha duniani, na huyu nitamgeuza nje ndani na nini?

Mkwe aliinuka kwa kushika meza, akaenda kwenye rafu. Siku hizi kile kikombe kinakaa katikati ya vyetu. Akakijaza chai, akatia sukari kama apendavyo mumewe, akakoroga, akamwekea mbele. Ule mstari wa buluu umefifia, lakini upo.

Kwato akakitazama. Mkono ukaenda, ukasimama njiani. Nikamwona anashika pumzi.

"Hakuna kingine?" akauliza.

"Vipo," mkwe akasema. "Lakini wewe nimekuwekea hicho, baba watoto."

Alikitazama mpaka mvuke ukakatika. Akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu, akasimama, akasema ana mnyama anasubiri.

"Haya," mkwe akamwambia. "Mpaka kiu ikushike."

Mlango ulipofungwa akarudi kwenye cherehani, akatafuta kifungo kwenye kopo la vyeupe. Mimi nilikunja ile karatasi juu ya ini, nikaitoa nje, nikawarushia paka. Kisha nikakaa pale alipokuwa amekaa mwanangu, kiti bado cha moto, nikavuta kikombe.

"Imeshapoa hiyo, mama," mkwe akasema bila kugeuka. "Ngoja nikuongezee ya moto."